Kukodi gari kutoka uwanja wa Songwe mpaka Njombe ukiwa na mgonjwa, haya ndo tuliyopitia

Naandika hii kwa yeyote wa Njombe, Makete, Ludewa, Makambako ata Mafinga huko ambaye ana mgonjwa Dar na anawaza atamrudishaje nyumbani bila kumuumiza njiani. Basi kila mtu analijua, nauli yake na saa ya kuondoka vinajulikana. Ila kupanda ndege mpaka Songwe alafu kukodi gari kutoka pale mpaka mlangoni kwako, hicho kipande cha pili hakuna anayekuelezea vizuri, ukiuliza unaambiwa tu "magari yapo, utapata". Ni kweli yapo. Ila nani anaendesha, mgonjwa anaweza kuingia na kukaa kwenye gari lenyewe au la, na bei mliyokubaliana imebeba nini ndani yake, hapo ndo watu wanaumia na mimi nataka usiumie.

Mama yangu ana miaka 71. Kipindi cha mvua aliteleza uani kwake Mji Mwema pale Njombe, akavunjika nyonga, ikawa rufaa mpaka MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na wakambadilishia nyonga. Wamemhudumia vizuri sana, nawashukuru mno. Siku ya kuruhusiwa yule wa mazoezi alitukalisha mimi na mama akatupa masharti: asikae kiti cha chini ambacho magoti yanapanda juu kuliko nyonga, asichuchumae, asikunje nne, na kwenye safari asikae zaidi ya saa moja au mbili bila kusimama na kutembea kidogo kwa sababu damu inaweza kuganda mguuni, na hiyo ni hatari kweli kwa mtu aliyetoka kupasuliwa. Nikamwangalia mama, nikawaza basi la Dar mpaka Njombe, zaidi ya kilomita 700, siku nzima umekaa, basi likisimama ni dakika kumi na choo ni cha kuchuchumaa. Haiwezekani. Treni ya TAZARA inapita Makambako lakini zile ngazi za behewa na kulala kitandani chembamba usiku kucha na nyonga mpya, nayo hapana.

Kwaiyo tukakubaliana kwenye familia, ndege mpaka Songwe alafu gari. Kaka yangu mkubwa alikuwa na wasiwasi, akasema Songwe si mkoa mwingine kabisa huko kwa kina Tunduma, mtarudi nyuma sana. Wengi wanachanganya hapa. Uwanja wa Songwe uko mkoa wa Mbeya, upande wa Mbalizi ukiwa unatoka Mbeya mjini kwenda Tunduma, ulifunguliwa mwisho wa mwaka 2012 kuchukua nafasi ya ule uwanja wa zamani wa mjini, na mkoa wa Songwe wenyewe umekuja kuanzishwa 2016. Kutoka uwanjani mpaka Mbeya mjini ni kilomita ishirini na kitu, na mpaka Njombe kupitia Makambako hesabu kama 250. Kwa gari zima na barabara nyeupe ni saa nne na nusu au tano. Sema barabara nyeupe kwenye ile njia ya malori ni bahati.

Kwenye ndege sitakaa sana. Ukikata tiketi sema palepale kwamba una mgonjwa wa kiti cha magurudumu, usisubiri siku ya safari, na omba barua ya daktari inayosema anaruhusiwa kusafiri kwa ndege. Omba siti ya kwenye njia, upande ambao mguu uliopasuliwa unaweza kunyooka. Pale Songwe unashuka kwa ngazi, na kwenye ngazi kumbuka: kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza mguu unaoumwa. Mama aliimba hiyo kanuni ngazi zote na vijana wa uwanjani walimshika vizuri tu bila kumharakisha.

Sasa gari.

Nilianza kutafuta wiki moja kabla nikiwa Dar. Nikapewa namba ya mtu, anajiita ana magari ya kukodi Mbeya nzima. Baadaye ndo nikaelewa huyu ni dalali, hana gari ata moja, kazi yake ni kukuunganisha na dereva na kula katikati. Sina tatizo na mtu kula kwa kazi yake, tatizo ni kwamba siku mambo yakiharibika dalali hayupo barabarani na wewe, na dereva hajui ulichoahidiwa. Alianza na shilingi 500,000. Nikamwambia nahitaji Noah, mlango wa kuteleza, mgonjwa wa nyonga, akatuma picha ya Noah safi ya silva, tukashuka mpaka 400,000 akaomba advansi ya 100,000 ili "kuiblok gari". Nikatuma.

Kabla sijaendelea na yaliyotokea niseme kuhusu hii bei maana watu wengi wanalalamika wanaibiwa na wengine kweli wanaibiwa. Dereva wa Mbeya akikupeleka Njombe anarudi mtupu, kwaiyo anapiga hesabu ya kwenda na kurudi, kilomita kama 500. Noah ikiwa na watu na mizigo kwenye vilima vile hesabu kilomita kumi kwa lita, ni lita 50, na wakati ule petroli ilikuwa inacheza 3,000 na kidogo kwa lita, yani mafuta peke yake karibu 160,000. Weka kula kwake, uchakavu wa gari, hesabu ya mwenye gari kama gari si lake, na siku nzima ambayo hafanyi kazi nyingine. Ukiambiwa 200,000 mpaka Njombe jiulize huyu mtu atapata wapi faida, jibu ni kwamba atakupakilia abiria wengine njiani au atakimbiza gari ili awahi kurudi. Na mtu akikwambia 600,000 kwa Noah nayo imezidi. Kwa sisi iliyokuwa bei ya haki ilikuwa kati ya 350,000 na 400,000 na mafuta ndani. Hilo neno "mafuta ndani" lisemwe kwa mdomo na liandikwe kwenye meseji.

Siku ya safari ndege ilikuwa ya saa 1 asubuhi. Tumefika uwanjani Dar tunaambiwa Songwe kuna ukungu, subirini. Hii si ajabu kwa Songwe, miezi ya mvua na ya baridi ukungu wa asubuhi unakaa ndege haiwezi kutua, kwaiyo ukipata nafasi ya kuchagua chukua ndege ya mchana kama ipo, au panga siku yako ukijua ya asubuhi inaweza kuwa ya mchana. Mama alilala kwenye kile kiti cha magurudumu, nikawa namwamsha kila baada ya muda tunatembea hatua chache na magongo. Nilimpigia dalali nikamweleza ndege imechelewa, akasema "hakuna shida dada, dereva anakusubiri". Tukaruka saa 4 na nusu, tukatua kabla ya saa 6.

Tunatoka nje, dereva aliyekuja ni kijana ana gari ndogo ya chini, Crown, namba za njano, na mbele kuna mtu amekaa tayari na begi lake. Namuuliza Noah iko wapi, anasema Noah ilipata safari nyingine asubuhi kwa sababu mmechelewa. Na huyu wa mbele? Anasema huyu anashuka Makambako tu. Nikampigia dalali, simu inaita haipokelewi. Kijana wa watu wala hakuwa na ubaya, alikuwa ameambiwa tu nenda uwanjani kachukue watu wa Njombe, bei aliyoambiwa yeye ni 250,000, unaona sasa ile 150,000 ilipokuwa inaenda.

Mama akasema tupande tu mwanangu, nimechoka. Hilo ndo neno lililoniuma kuliko yote siku ile, kwa sababu nilijua amechoka kweli na anataka kufika kwake. Lakini Crown unakaa chini kabisa, matako yanakuwa chini ya magoti, ni kile kile walichokataza. Na mtu yupo kiti cha mbele ambacho ndo kingelala. Nikakataa. Nilikataa huku natetemeka kwa sababu sikujua gari lingine nalitoa wapi na mchana unaenda. Ile advansi haijarudi mpaka leo na dalali hapokei.

Tukakaa kivulini, nikaenda walipopaki teksi pale nje ya uwanja. Nikaona baba mmoja wa makamo amesimama pembeni ya Noah nyeupe anafuta kioo, nikamsalimia shikamoo baba, nikamweleza yote bila kuficha, mgonjwa, nyonga, Njombe, na tulivyoachwa. Kitu alichofanya kilinipa imani kabla ata ya bei: hakutaja hela, aliuliza "mguu gani?" Nikasema wa kulia. Akaenda kufungua mlango wa kushoto, akasogeza siti ya katikati nyuma mpaka mwisho, akailaza kidogo, alafu akasema mlete mama ajaribu kukaa, asipokaa vizuri hatuna haja ya kuongea bei.

Kuhusu namna ya kumwingiza, nitaeleza maana nimeona watu wanawasukuma wagonjwa kama magunia. Tulitandika mto mgumu ili siti ipande juu, juu ya mto tukaweka mfuko wa nailoni. Mama alisimama akipa gari mgongo, akarudi nyuma mpaka akagusa siti kwa nyuma ya miguu, mguu wa kulia umenyooshwa mbele, akashika kwenye fremu ya gari (mlango hapana, mlango unacheza), akakaa kwanza nusu ya nje, akajisogeza nyuma, alafu ndo tukamgeuza mwili na miguu yote miwili kwa pamoja. Ule mfuko wa nailoni ndo unamfanya ateleze kugeuka bila kujinyonga nyonga. Akishakaa unauvuta unautoa, asije akateleza gari likipiga breki. Noah au Alphard ndo gari zenye urefu unaofaa kwa hili. Prado ni nzuri barabarani ila kupanda kule juu kwa mtu wa magongo ni mtihani, na IST, Crown, Premio ziko chini.

Mama akakaa, akavuta pumzi, akasema hapa sawa. Ndo tukaongea bei. Alianza 450,000, tukamaliza 380,000, mafuta ndani, sisi peke yetu, kusimama popote mgonjwa anapohitaji. Nikamwomba namba ya gari nikacheki vitu viwili kwenye simu palepale na nakuomba sana na wewe ucheki. Kwanza bima, kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) mtandaoni unaingiza namba ya gari unaona bima ni hai na ni ya aina gani. Namba nyeupe ni gari ya biashara, inatakiwa kuwa na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) na bima inayohusu abiria wanaolipa. Namba ya njano ni gari ya mtu binafsi, likipata ajali na wewe umelipa nauli bima inaweza kugoma kukulipa. Pili madeni ya trafiki, kwenye mfumo wa polisi unaona gari linadaiwa faini ngapi. La yule baba lilikuwa na deni moja, 30,000. Nikamwonyesha, hakukasirika, akasema kweli ya juzi Igawa, akalilipa kwa simu tukiwa hapo hapo. Fikiria tungesimamishwa Chimala, trafiki anaweka namba kwenye mashine deni linatokea, gari linazuiwa mpaka lilipwe na mama yuko ndani. Malipo tulipanga hivi: 150,000 ya mafuta tukifika sheli, nikamlipa mwenye sheli mimi mwenyewe, iliyobaki mlangoni Njombe pamoja na ya kutolea.

Kabla ya kuondoka tukarudi ndani ya uwanja kwenda choo. Hili la choo naliweka kwa uzito kwa sababu hakuna aliyetuambia na ndo linaloamua mnasimama wapi. Mtu wa nyonga mpya hawezi kuchuchumaa, kabisa, si suala la maumivu, nyonga inaweza kuchomoka. Vyoo vingi vya sheli na vya stendi kwenye ile njia ni vya kuchuchumaa. Kwaiyo uwanjani pale kipo cha kukaa, tumia, na kinachofuata cha uhakika ni hoteli za Makambako. Katikati hapo kuna kama kilomita 190. Tulikuwa na kiti cha plastiki tulichokikata tundu katikati na ndoo ndogo na khanga mbili za kuzungushia, kaka alivituma na mtu Dar wiki ya nyuma. Tulivitumia baada ya Igurusi, sehemu ya wazi gari likiwa kizuizi upande wa barabara, dereva akatembea mbali akatupa mgongo bila kuambiwa. Mama alikuwa anaona aibu sana mwanzoni. Nikamwambia mama, wewe umeniogesha mimi.

Tuliondoka saa 7 na nusu. Mbalizi mpaka Uyole tulitumia karibu saa mbili. Wakati tunapita walikuwa wanajenga njia nne kile kipande cha Nsalaga mpaka Ifisi, ni kazi nzuri, lakini siku ile ilikuwa foleni, michepuo ya vumbi na matuta ya muda. Iwambi pale malori yanashuka pole pole yamejipanga, Iyunga umesimama, Mafiati umesimama, Mwanjelwa bajaji na bodaboda zinapita kila upande. Mama ilikuwa saa yake ya dawa ya maumivu saa 8 na dawa inataka chakula, bahati nilikuwa na chapati na chai kwenye chupa. Beba chakula cha mgonjwa mwenyewe, usitegemee kwamba saa ya dawa itakukuta mahali pa kula. Na kila tuta dereva alikuwa anasema "tuta mama", anapunguza mpaka gari linaingia kama linanyata. Baadaye nilimuuliza amejifunza wapi, akasema mke wake aliwahi kuvunjika mguu.

Baada ya Uyole ndo unaanza kushuka Inyala, na pale nitawaambia ukweli niliogopa. Ule mteremko umeua watu wengi miaka yote hii, malori yanayotoka Zambia na Kongo yamebeba mzigo mzito yanashuka na mengine yanapanda yanahema, na kila mtu ana haraka. Dereva aliweka gia nzito tangu juu kabisa, hakuovateki ata mara moja, akaacha nafasi kubwa mbele, mabasi yanampigia honi anayaacha yapite. Nilikuwa nimempa neno moja tu kabla hatujaondoka, kwamba sina haraka, hata tukifika kesho. Mwambie dereva hilo mapema kwa sababu wengi wanakimbia wakidhani abiria ndo anataka hivyo, na wewe uliyelipa ndo mwenye uwezo wa kumtuliza.

Ukishafika chini huko Igurusi, Chimala, ni tambarare, joto, mpunga kushoto na kulia, mama akachangamka akaanza kuuliza bei ya mchele. Chimala tukasimama mama akatembea na magongo pembeni ya gari, akaangalia ile milima inayopanda kwenda Matamba, ile barabara ya kona 57, akasema ujanani aliipanda juu ya lori la viazi. Kuanzia hapo vijiji vimefuatana na kila kijiji ni 50, trafiki wapo na tochi zao, ukizidisha ni faini. Kwa mgonjwa 50 ni mwendo mzuri tu.

Tumeingia Makambako saa 1 na nusu usiku. Baridi ya Makambako wanaoijua wanaijua, na upepo juu. Mtu aliyetoka Dar kwenye joto mwili unajikaza, na misuli ikijikaza nyonga inauma zaidi, kwaiyo blanketi na soksi nzito ziwe ndani ya gari karibu na mkono, si kwenye begi lililofungwa nyuma chini ya mengine yote. Tukaingia hoteli moja, choo cha kukaa kipo, maji ya moto yapo. Zilibaki kilomita 60 tu kufika Njombe. Kaka anapiga simu, chakula kipo tayari, majirani wamekaa wanasubiri, njooni. Mimi nilitaka kwenda. Dereva akatoka nje akasimama muda, akarudi akasema dada, ukungu umeshuka, hii barabara ya Njombe ina kona na malori ya mbao na magogo usiku mengine hayana taa za nyuma. Mkisema twende nitaendesha, ila mimi kama ningekuwa na mama yangu ningelala.

Tukalala. Suala la kulala njiani hatukuwa tumeliongelea kwenye bei na ndo maana nakwambia liongelee mapema. Angeweza kuniambia chochote usiku ule na ningelipa, hakufanya hivyo, aliomba chumba cha 20,000 na 30,000 ya siku ya pili, nikaona ni haki. Chumba chetu kilikuwa 40,000. Asubuhi tukasubiri mpaka jua likaupasua ukungu, saa 3 tukaondoka, na ile barabara mchana ni nzuri sana, miti, mashamba ya chai na miwati ukikaribia Kibena, mama anataja kila kijiji kwa jina. Majirani walikuwa wamerudi asubuhi, salamu za "kamwene, kamwene" kila upande, na mama akashuka mwenyewe garini, mguu kwanza, mkono kwenye fremu, kama tulivyofundishwa.

Jumla gari na njiani tulitumia 595,000. Ndani yake ni 380,000 ya gari, 50,000 ya dereva ya kulala na siku ya pili, 40,000 chumba chetu, kama 25,000 chakula, na ile 100,000 iliyopotea kwa dalali. Ni hela nyingi, tulichanga ndugu wote na mmoja aliuza mbao zake. Bado naona ni bora kuliko kumrudisha mama MOI na nyonga iliyochomoka.

Kliniki ya kwanza tumeenda na dereva yule yule, safari hii tulimwomba aje kutuchukua Njombe siku moja kabla ya ndege, tukalala Mbalizi karibu na uwanja. Akachukua 350,000 kwa sababu alipata abiria wa kuja nao Njombe, alituambia mwenyewe wala hatukuuliza. Na kila safari kabla ya kutuma hata shilingi nampigia anayeendesha, si aliyeniunganisha, alafu namtumia hii meseji na nasubiri ajibu "sawa" kwa maandishi. Ichukue ubadilishe unachotaka:

"Habari baba. Tunathibitisha safari ya Songwe kwenda Njombe mjini mpaka mlangoni. Gari ni ile ile Noah namba nyeupe, utaendesha wewe mwenyewe. Bei 380,000 mafuta ndani, hakuna abiria mwingine. 150,000 nalipa sheli siku ya safari, iliyobaki tukifika na ya kutolea. Ndege ikichelewa kwa ukungu utasubiri mpaka saa 8 mchana bila nyongeza, ikizidi hapo tunaongea kwanza. Tukilazimika kulala Makambako chumba chako nalipa mimi na 30,000 ya siku ya pili. Tutasimama kila saa moja mgonjwa atembee. Hatuna haraka. Ukikubali nijibu."